Kabla hujashika msasa, mwagia maji

Msomaji wa Ujiji ameniletea picha tatu za Premio yake ya silva. Mlango wa abiria umekwaruzwa na mpini wa pikipiki, boneti ina madoa ya utomvu wa mwembe, na bampa la mbele limechubuka hadi plastiki nyeusi inaonekana. Swali lake: aanze na msasa namba ngapi? Kaka, weka msasa chini. Chukua kopo la maji.

Rangi ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya chini kabisa inayoshika bati) hadi juu kabisa, ina unene wa mikroni 100 hadi 140 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una kama 70. Humo ndani, laka angavu ya juu, ile inayong'aa na kukinga jua, ni mikroni 35 hadi 50 tu. Msasa na kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) vyote vinakula laka hiyo, havirudishi kitu. Kwa hiyo kwanza ujue mkwaruzo umefika tabaka gani.

Osha mlango, ukaushe, kisha mwagia maji juu ya mkwaruzo. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko kwenye laka, na kompaundi inautoa. Pitisha kucha kwa kuukata mkwaruzo. Ikikwama, hautatoka wote. Utaupunguza makali tu, na hapo ndipo watu wanapong'ang'ania hadi wanatoboa rangi. Ukiona kijivu cha praima au chuma chenyewe, kung'arisha hakuna kazi hapo, rangi lazima irudishwe.

Gari za huku zinaharibiwa zaidi na kitambaa kikavu kuliko pikipiki. Vumbi la Tabora lina mchanga ndani yake, nawe kila asubuhi unalifuta kwa tambara ili gari lipendeze kazini. Huo ni msasa, tena usio na namba! Ndiyo ile mistari ya duaraduara inayoonekana jua likipiga. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke, halafu sabuni laini na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga iachie nguo, inaondoa nta. Na anayekufutia gari kwa dizeli ili ling'ae mkatalie, maana kufika jioni limevaa vumbi lote la barabarani.

Utomvu wa mwembe usiukwangue. Weka kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu juu yake kwa dakika kumi, ukilainika ufute kwa spiriti kidogo, kisha suuza. Likibaki shimo au kivuli, laka imeshaliwa: jaribu kompaundi laini, na doa likigoma liache lilivyo. Kinyesi cha ndege na popo ni vilevile, ila hakisubiri Jumamosi. Jua la Oktoba linakipika haraka.

Sasa mlango. Egesha kivulini na ushike bati kwa mgongo wa mkono, likikuunguza, subiri. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na kwenye mikunjo ya mlango, kwa sababu hapo ndipo rangi ilipo nyembamba na ndipo inapotoboka. Anza na kompaundi laini kwa sponji, matone matatu au manne, eneo la sentimita 40 kwa 40. Futa, tazama. Mkwaruzo ukigoma, ndipo msasa wa maji P2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) uliolowekwa nusu saa, ukizungushiwa kipande cha sponji badala ya vidole vitupu, na tone la sabuni kwenye maji. Mipito michache tu, kisha futa na uangalie. Malizia na P3000, halafu kompaundi, halafu polishi. Mashine ya kung'arishia inayozunguka tu bila kutikisika inachoma rangi kwa sekunde chache. Anayejifunza atumie ile inayozunguka huku ikitikisika. Dawa ya meno inafuta alama hafifu sana, basi. Steelwuli iache jikoni.

Silva ina jambo lake. Chembe za alumini zilizomo kwenye rangi zimelala kwa mpangilio, ukizisugua zinavurugika na kubaki doa jeusi. Usipige kompaundi rangi ya silva isiyo na laka juu yake. Inalazimika kufunikwa kwa laka kwanza. Namba ya rangi itazame kwenye bamba la gari, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, palipoandikwa C/TR. 1F7 ni silva, 040 nyeupe, 202 nyeusi. Usiende dukani ukisema tu "silva ya Toyota", zipo nyingi.

Bampa: osha, futa spiriti, lainisha kingo za mchubuko kwa P600 hadi kidole kisihisi ngazi. Pulizia praima ya plastiki. Ya chuma haishiki, inabanduka kama ganda la kitunguu. Kisha rangi, mikono (yaani tabaka) mitatu myepesi kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, dakika kumi kati ya mkono na mkono. Mkono mmoja mzito unatiririka. Pulizia hadi mwisho wa bampa, usikatie katikati, kwa maana tofauti ya silva inaonekana toka mbali. Halafu laka mikono miwili.

Kwa Kigoma masika, usipulizie jioni wala mvua ikinusa. Thina (kiyeyusho cha rangi) ikikauka inapoza rangi, unyevu unaganda juu yake, na laka inatoka na ukungu mweupe. Tabora kiangazi adui ni vumbi: fanya asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaamka, na unyunyizie uwanja maji kwanza.

Laka yenye hadena (dawa ya kuigandisha) ina kemikali iitwayo isosayaneti, inayoumiza mapafu kabisa. Barakoa ya kitambaa haizuii. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, tumia laka ya kopo isiyo na hadena au mpe fundi mwenye vifaa.

Acha bampa wiki nzima kabla ya kulisawazisha kwa P2000 na kulipiga polishi. Nta isubiri mwezi.