Wasomaji wauliza: pilau ya shule nzima, maiki inayopiga mluzi na joho linaloburuzika

Shule zinakaribia kufungwa, na barua za mwezi huu karibu zote zinahusu sherehe. Tumejibu zile ambazo shida yake inawakuta wengi.

Mwaka jana kamati yetu ilipika pilau ya watoto 240 na wageni 40. Juu ilibaki mbichi, chini ikawa bokoboko na kuungua. Tulitumia kipimo cha nyumbani, vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele, tukazidisha tu. Tulikosea wapi? – Katibu wa kamati ya wazazi, Tabata

Katibu, kosa liko hapo hapo kwenye kuzidisha. Sufuria dogo hupoteza maji mengi kwa mvuke ukilinganisha na kilichomo ndani. Sufuria kubwa hupoteza kidogo. Ukizidisha maji sawasawa na mchele, yanayobaki hayana pa kwenda, na mchele wa chini unalowa huku ukikandamizwa na uzito wa ule wa juu. Kwa sufuria la kilo 10 na kuendelea, anza na kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kikombe kimoja cha mchele. Mchele mpya wa msimu unataka pungufu ya hapo, kama kikombe kimoja na robo. Mwulize muuzaji ni wa lini, halafu pika kilo moja ya majaribio siku mbili kabla.

Sasa idadi. Kilo moja ya mchele hutosha watoto wanane au tisa wa shule ya msingi, au watu wazima sita. Kwa hesabu yenu ni kilo 36 hivi. Msiziweke kwenye sufuria moja. Gaweni masufuria matatu ya kilo 12. Nyama yenye mifupa, kilo kwa kilo na mchele. Steki tupu, kilo 25 zinatosha. Vitunguu maji kilo 9, mafuta lita 5. Viungo, kwa kila kilo 10 za mchele: binzari nyembamba gramu 80, pilipili manga 25, mdalasini 25, iliki 20, karafuu zisizidi gramu 8. Karafuu ndiyo inayoharibu pilau nyingi za shughuli, maana mpishi anaitupia kwa kiganja na chakula kinakuwa kichungu.

Chemsheni nyama kwanza hadi iive, mpime supu kwa kikombe kile kile cha mchele. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia kabisa. Rangi ya pilau inatoka hapo, na mkivitoa mapema pilau itakuwa nyeupe hata mkiongeza viungo. Tieni vitunguu swaumu na tangawizi, viungo, nyama, kisha supu. Onjeni: supu iwe imekolea chumvi kupita kidogo, kwa sababu mchele utaifyonza. Mchele ukishaingia, geuzeni mara moja tu kutoka chini. Maji yakilingana na uso wa mchele, punguzeni moto chini, funikeni, palieni makaa juu ya mfuniko kwa dakika 25 hadi 30. Bila kupalia, juu hapawezi kuiva, ndicho kilichowapata.

Mkipanga kula saa 6:30 mchana, mchele uingie jikoni saa 4:30, si alfajiri. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi huumiza matumbo, kwani wapo bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemshwa na huzaliana chakula kikianza kupoa. Kachumbari ikatwe saa moja kabla, chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua, la sivyo nyanya zitatoa maji yote. Na kwa kuwa shule zetu zina watoto wa dini zote, nyama ichinjwe na Mwislamu na wazazi waambiwe mapema. Mnaondoa maswali mlangoni.

Kila watoto wakianza ngonjera maiki inapiga mluzi, fundi anapunguza sauti, na wazazi wa nyuma hawasikii kitu. Tubadilishe mashine? – Mwalimu wa sanaa, Mbagala

Hapana, mwalimu. Mluzi huo hutokea sauti ya spika inapoingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Dawa ya kwanza ni kuhamisha spika: zikae mbele ya mstari wa wasemaji, zikielekea wageni, zisiwe nyuma ya watoto wala kwenye kona zikiwaangalia. Ziinueni juu ya meza, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama. Spika iliyo chini inawapigia kelele waliokaa mstari wa kwanza tu.

Dawa ya pili ni mkono wa mtoto. Watoto hushika maiki kwa kuzungushia kiganja kichwani mwake kama wanavyoona wanamuziki wakifanya, na hapo mluzi huzidi. Wafundisheni kushika mpini, maiki iwe vidole vitatu kutoka mdomoni. Fundi naye akipandisha sauti kufidia mtoto aliye mbali na maiki, mluzi unarudi. Kwaya ya watoto 30 haihitaji maiki kumi. Mbili kwenye stendi, mita moja mbele yao, zinatosha. Zinapokuwa nyingi zilizo wazi, kila moja inakusanya sauti ya spika.

Ekstensheni ya kuzungushia inyooshwe yote hata kama safari ni mita tano, kwa sababu waya uliobaki umejiviringisha hupata joto, plastiki ikalainika. Majiko ya umeme na birika visichomekwe soketi moja na muziki. Mita ya LUKU iangaliwe jana yake. Umeme ukiisha katikati ya risala hakuna wa kumlaumu.

Majoho ya darasa la awali tuliyokodi yalikuwa marefu, watoto wawili wakaanguka ngazini. Halafu mmoja akazimia. – Mama wa mwanafunzi, Kimara

Pole, mama. Joho lipimwe kutoka begani hadi katikati ya muundi, si hadi kisigino. Kwa mtoto wa miaka sita tofauti hiyo ni kama sentimita 15, na ndiyo inayookoa ngazini. Joho refu lisikatwe. Likunjwe kwa ndani na kushonwa kwa mkono, nyuzi zitatoka kwa urahisi siku ya kurudisha.

Kuzimia kunatokana na kitambaa. Majoho mengi ya kukodi ni satini ya poliesta, haipitishi hewa, na Dar mwezi Desemba mchana hufika nyuzi 31 au 32. Watoto wavalishwe dakika kumi kabla ya maandamano, juu ya fulana nyepesi na si juu ya sare nzima, na yavuliwe mara baada ya picha ya pamoja. Wapewe maji kabla hawajavaa. Mishumaa ya moto isikaribie majoho wala mabawa ya malaika ya karatasi, hata igizo la Krismasi likitaka mwanga. Tumieni tochi ndogo.

Tunapamba kwa matawi ya mvinje lakini siku ya pili yanakuwa kahawia. – Mwalimu wa zamu, Kigamboni

Yakatwe jioni, siku moja kabla, yasimamishwe usiku kucha kwenye maji kivulini. Asubuhi yaingizwe kwenye ndoo ya mchanga ulioloweshwa. Hata hivyo ni mapambo ya siku mbili, msijidanganye. Mvinje iliyoshikilia mchanga ufukweni iacheni. Chukueni matawi ya kupogolea uani kwa watu. Maua ya mkrismasi yanapendeza barabarani lakini yakikatwa hunyauka haraka, hayafai mezani. Maputo yasijazwe kabisa: hewa hutanuka juani na yatapasuka hata mgeni rasmi hajafika.

Siku ya kutoa ripoti tunasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho mbele ya wazazi. Baadhi ya walimu wanapinga. Ninyi mnasemaje? – Mwalimu mkuu msaidizi, Ilala

Tunakubaliana na wanaopinga, tena bila kusita. Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Shule haina sababu ya kumtangaza mtoto wa mwisho. Mpeni kila mzazi ripoti yake mkononi, na mazungumzo ya dakika tano dawatini na mwalimu wa darasa. Zawadi za jukwaani ziwe chache na sababu zake zitajwe: aliyepanda zaidi hisabati, aliyehudhuria siku zote, aliyetunza maktaba. Zawadi isiwe kikombe cha plastiki kilichoandikwa jina la shule. Daftari la kurasa 200, mkebe wa vifaa vya hisabati au kamusi vitatumika Januari. Zifungeni kwa karatasi au mifuko ya kitambaa, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mchango wa sherehe nao, hasa kwenye shule ya serikali, ubaki hiari. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa ale pilau ile ile na aimbe wimbo ule ule.

Barua yetu ya kufunga muhula ina kurasa nne na wazazi bado wanapiga simu kuuliza shule inafunguliwa lini. – Karani wa shule, Sinza

Tarehe ya kufungua iwe mstari wa kwanza, kwa herufi nene, ikifuatwa na saa ya kuripoti na siku ya kuchukua ripoti kwa waliokosa. Halafu vifaa vya muhula ujao. Habari za michezo, kwaya na shukrani za kamati zifuate baada ya hapo, na zote zikae upande mmoja wa karatasi ya A4. Salamu za bodi zinaweza kusubiri ubao wa matangazo.

Kwenye kundi la WhatsApp tumeni barua kama faili la PDF pamoja na ujumbe mfupi wenye tarehe pekee. Barua iliyopigwa picha kwa simu haisomeki. Kuhusu picha za watoto jukwaani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa nanyi pia. Chukueni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na njia rahisi ni kipande cha kukata chini ya barua hii hii: jina la mtoto, darasa, nakubali au sikubali, saini. Watoto ambao wazazi wao hawakukubali wapangwe mwisho wa mstari kwenye picha ya darasa, ili mpiga picha apate nakala moja kamili ya albamu ya shule na nyingine bila wao ya kutuma kwenye kundi.