Mungu alijuta au hakujuta?

SWALI: Shikamoo Padri. Hapa Koboko, kila Alhamisi tunasoma Biblia nyumbani kwa jirani. Juzi tulikuwa kwenye Samweli wa Kwanza, sura ya 15. Mstari wa 11, Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli awe mfalme wa Israeli. Mstari wa 29, nabii Samweli anasema Mungu hajuti, kwani si binadamu. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka chuo Kampala akafunga kitabu, akasema haya ni maneno ya watu tu, Mungu wa kweli hawezi kubanwa na lugha yetu. Wazee walinyamaza. Nimjibu nini?
Mama wa Koboko

JIBU: Marahaba, mama. Kijana huyo msimfukuze. Ameona jambo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio, tukiwahi mstari wa 22 unaosema kutii ni bora kuliko dhabihu, maana huo unahubirika vizuri siku ya harambee.

Kosa lake ni kufunga kitabu mapema. Mstari wa 35, ambao ndio wa mwisho, unarudia kwamba Bwana alijuta. Basi mwandishi hakusahau alichosema juu. Neno la kwamba Mungu hajuti liko katikati, na kujuta kuko mbele yake na nyuma yake. Mtu anayetunga uongo angefuta moja.

Tazama kujuta kwetu. Nikinunua ng'ombe sokoni, akafa wiki hiyo hiyo, nitaumia moyo, na nitaumia kwa sababu sikujua kwamba ni mgonjwa. Uchungu na ujinga vimekuja pamoja. Sasa Sauli aliamriwa aangamize Waamaleki na mifugo yao yote, naye akawaacha hai mfalme wao na kondoo wazuri. Mungu anataka tujue kwamba uasi huo umemuuma kweli. Atumie neno gani, ikiwa kila neno letu la uchungu wa namna hiyo limebeba na ujinga ndani yake? Mstari wa 11 unatupa ule uchungu. Mstari wa 29 unakataa ujinga na ugeugeu. Yote mawili ni kweli, na moja linalichunga jingine.

John Calvin, mwalimu wa Waprotestanti katika karne ya 16, alisema Mungu hutusemesha kama mlezi anavyomsemesha mtoto mchanga, kwa kubabaika makusudi. Mfano mzuri, lakini mimi hauniridhishi. Unamfanya msomi adhani kwamba yeye amekua, na kwamba ule uchungu wa Mungu ni maneno ya kitoto ya kuachia akina mama wa Alhamisi. Namfuata zaidi Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13: tukisema Mungu ni mwema, tumesema kweli, ila wema huo uko kwake kwa namna inayopita namna tunayoijua sisi.

Majirani zenu Waislamu wanalijua jambo hili pia. Qurani, sura ya 42, aya ya 11, inasema hakuna kitu mfano wake, na aya hiyo hiyo inamwita Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Inakataa mfano, kisha inatumia kusikia na kuona, maneno yetu haya haya.

Kuhusu kubanwa, nina la kusema. Nilikuwa padri wa jeshi. Nilihubiri kwa Kiswahili kwa Waacholi, Walugbara, Wanyankole na Waganda, nami mwenyewe ni Msoga. Hakuna kati yetu aliyekinyonya. Kilikuwa Kiswahili cha gwaride na kantini, ngeli zimepinda, mtu wa Pwani angetuonea huruma. Lakini nilimwona sajini mmoja, bingwa wa matusi, akitoka nje katikati ya somo la mwana mpotevu. Kesho yake aliomba ruhusa aende Kitgum kwa baba yake, ambaye walikuwa hawasemezani. Sikumwongezea neno. Somo lilimfikia katika lugha ile ile aliyoitumia kutukania makuruta.

Asiyeweza kusema nasi kwa sababu maneno yetu ni madogo, huyo ndiye aliyebanwa.

Hapa kuna hatari moja. Siku hizi kila mkesha una mtu wa "Mungu ameniambia", na anayoambiwa huwa na bei na jina la mchumba. Samweli hakuwa hivyo. Aliposikia mstari wa 11 alikasirika, akamlilia Bwana usiku kucha, na hata asubuhi akakutana na Sauli huku kondoo waliokatazwa wanalia masikioni mwake. Mtu anayedai kusikia sauti, na haijawahi kumnyima usingizi, msimpe kipaza sauti.

Alhamisi ijayo someni sura yote kwa sauti, mstari wa 1 hadi 35, na huyo kijana ndiye asome. Akibisha bado, mwambie aniandikie mwenyewe. Nitafurahi kumjibu.