Chakula cha mbwa cha kupimiwa kwa kilo: niache duka la mtaani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tanga, nina mtoto wa mbwa dume, German Shepherd, miezi mitano. Nilimpima jana kwenye mizani ya nafaka, ana kilo 18. Chakula chake nanunua duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa mtaani. Mwenye duka huchota kwenye gunia lililofunguliwa, ananipimia kilo mbili mbili kwenye mfuko wa khaki. Ana aina mbili, ya shilingi 5,000 kwa kilo na ya 4,000. Mimi huchukua ya 4,000. Wiki iliyopita aliona miguu ya mbele kama inaanza kupinda, akanipa chokaa ya mifugo nimwekee kijiko cha chakula kila siku. Shemeji yangu ananiambia niachane na duka hilo, niwe naagiza Dar mifuko iliyotoka nje. Nimekutumia picha za vibandiko vya magunia yote mawili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, acha chokaa leo hii. Sababu nitaifikia, lakini mbwa asiipate tena jioni ya leo.

Duka usiliache. Shemeji yako anakutakia mema, ila mfuko uliotoka nje haujihakikishii usalama kwa sababu tu umetoka nje. Desemba 2020 huko Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliwatangazia watu waache kuwalisha mbwa wao chakula fulani kikavu kilichokuwa kimeshapelekwa madukani. Hadi Januari 2021 taarifa zilizoifikia zilikuwa za wanyama zaidi ya 110 waliokufa baada ya kukila. Mifuko ilikuwa imefungwa vizuri. Tatizo lilikuwa sumukuvu, iliyoingia na mahindi.

Sumukuvu hiyo ni ile ile inayotusumbua sisi. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na ini la mbwa haliiwezi kabisa. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana huwa naumia nikisikia mtu anasema mahindi haya yameoza, tutawasagia mbwa. Niliwahi kuletewa mbwa watatu wa nyumba moja waliolishwa ugali wa mahindi ya namna hiyo. Wa kwanza alikuwa na ufizi wa njano kama embe bivu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na kinyesi cheusi chenye damu. Aliondokea mikononi mwangu. Mmoja tu ndiye aliyepona. Mbwa wako akisusa chakula ambacho jana alikila kwa hamu, usimlazimishe na usikichanganye na mchuzi ili apate kukila. Weka chakula hicho pembeni, kisha mtazame macho na ufizi.

Sasa gunia. Wasiwasi wangu na duka lako uko kwenye lile gunia lililo wazi. Udogo wa duka si kitu. Chakula kikavu cha mbwa hupakwa mafuta kwa nje kikishapikwa, na mafuta hayo yakikutana na hewa, joto na mwanga huanza kuchacha. Kwa hali ya hewa ya Tanga, gunia likishafunguliwa ningependa liwe limekwisha ndani ya wiki nne. Ukienda, chota kiganja kimoja, kifiche kwenye ngumi dakika moja kipate joto, kisha nusa. Kizuri kinanukia nafaka na nyama kavu. Kilichochacha kinanukia mafuta ya taa au rangi ya mbao, harufu inayokaa kooni. Ukikuta vipande vimeshikamana, jua unyevu umeingia, na penye unyevu ukungu hauchelewi.

Angalia pia gunia limekaa jirani na nini. Kwenye maduka yetu ya pembejeo chakula hukaa chumba kimoja na dawa za kuogeshea ng'ombe, viuatilifu na sumu ya panya, na nimeshakuta kopo moja likichota chakula cha kuku, chumvi ya mawe na chakula cha mbwa. Halafu kuna panya wenyewe. Mkojo wao hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ugonjwa ule ule uliotangazwa na Wizara ya Afya Julai 2022 baada ya watu kuugua Ruangwa, Lindi. Mbwa huupata pia, na akiupata anaweza kuwaambukiza watu wa nyumbani kupitia mkojo wake. Gunia lililo wazi usiku kucha dukani ni karamu ya panya.

Haya yote yanazungumzika, na hapo ndipo duka la mtaani linapolishinda duka kubwa. Mwenye duka anakujua, anamjua mbwa wako, hata miguu aliiona yeye kabla ya mtu mwingine. Mwombe akuuzie gunia zima lililoshonwa, au tafuta jirani mwenye mbwa mkagawane siku ile ile linapofunguliwa mbele yenu. Kwa mbwa wako mmoja, gunia la kilo 20 litachukua karibu siku 54, muda mrefu mno kwa pwani. Mkiwa wawili mko salama. Ikishindikana, muulize lilifunguliwa lini, na mwombe awe anaandika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya gunia, alifunge mdomo kila akishachota, na aliinue juu ya chaga. Mfanyabiashara makini hachukii kuombwa hivyo. Akichukia, hapo nitakubaliana na shemeji.

Kila gunia jipya piga picha ya tarehe ya kuisha na namba ya toleo. Mbwa akiugua, namba hiyo pamoja na kiganja cha chakula chenyewe kwenye mfuko safi ndivyo vitakavyotusaidia kujua chanzo. Nyumbani usikimimine kwenye ndoo tupu, maana mafuta ya zamani hubaki kwenye kuta zake na kuchachisha kipya. Kiache kwenye gunia lake, lizungushe mdomo, ndipo ulitumbukize lote kwenye ndoo yenye mfuniko.

Nimeviangalia vibandiko vyako. Cha 5,000 kimeandikwa ni cha mbwa wanaokua: protini asilimia 26, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu (yaani madini) 8, unyevu 10, kalsiamu 1.2. Cha 4,000 ni cha mbwa wazima: protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 7, majivu 11, unyevu 10, na kalsiamu hakikuandikwa kabisa.

Toa unyevu kwanza, maana maji hayalishi. Kila gramu 100 zina gramu 90 za chakula kikavu, kwa hiyo gawanya protini kwa 0.9. Cha kwanza kinapata karibu 29, cha pili 20. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, ambavyo watengenezaji wengi hufuata, vinataka mbwa anayekua apate angalau protini asilimia 22.5 na mafuta 8.5 kwenye chakula kikavu. Cha 4,000 kinakosa kote kuwili, kwani mafuta yake hayafiki 7. Kwa mbwa mzima kingemtosha. Kwa wako hakifai, na sishangai kama mifupa imeanza kulalamika.

Najua utawaza ile elfu moja ya tofauti. Tuipigie hesabu. Chukua simu: 18 mara 18 mara 18, halafu bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili. Utapata 8.74. Zidisha kwa 70, unapata kilokalori 612, nishati ya mbwa wa kilo 18 akiwa amelala tu. Kwa umri wake zidisha mara mbili: 1,224 kwa siku. Upande wa chakula, wanga ni kinachobaki ukitoa vyote kwenye 100, nao ni 40 kwa cha kwanza na 48 kwa cha pili. Kila gramu ya protini au wanga hutoa kilokalori 3.5, ya mafuta 8.5. Cha kwanza kinatoa 333 kwa gramu 100, cha pili 282. Maana yake mbwa wako anahitaji gramu 368 za cha kwanza, au gramu 434 za cha pili. Kwa pesa ni shilingi 1,840 dhidi ya 1,736 kwa siku. Ile elfu moja imebaki shilingi 100 hivi, na kinyesi cha kuzoa kitapungua pia.

Gramu hizo ni za kuanzia. Mpime kila wiki, na mpapase ubavuni: mbavu zihisike chini ya vidole bila kubonyeza, lakini zisionekane kwa mbali. Mbwa wa umbo kubwa asinenepeshwe utotoni, uzito unaitesa miguu ambayo bado ni laini.

Turudi kwenye chokaa. Gramu 368 za chakula cha wanaokua zina kalsiamu gramu 4.4. Ukomo kwa mbwa wa umbo kubwa anayekua ni asilimia 1.8 ya chakula kikavu, yaani gramu 6 hivi kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa chokaa ya mifugo kina gramu 15, na zaidi ya theluthi yake ni kalsiamu. Kimoja tu kinamfikisha kwenye gramu 10. Ng'ombe wa maziwa anahimili, kuku wa mayai anaihitaji, lakini mtoto wa mbwa chini ya miezi sita utumbo wake haujaweza kuikataa kalsiamu iliyozidi. Huingia mwilini, na magegedu ya viungo yanashindwa kukomaa sawasawa. Hapo miguu hupinda kwelikweli. Mwenye duka aliona tatizo sahihi. Dawa ndiyo haikuwa yenyewe. Mweleze kwa upole, maana anauza chokaa hiyo kwa wengine wenye mbwa.

Miguu yenyewe inataka kuonwa na daktari, pengine na picha ya eksirei, ndani ya wiki hii. Sitaki kukuambia kwa maandishi kwamba ni chakula tu, wakati inaweza kuwa ni sakafu ya vigae inayomtelezesha kutwa, au jeraha kwenye sehemu ya mfupa inayokua.

Kubadili chakula usifanye kwa siku moja, ataharisha. Siku mbili za kwanza robo iwe cha 5,000, siku mbili nusu kwa nusu, mbili zinazofuata robo tatu, ya saba chote. Gawa mara tatu kwa siku hadi afikishe miezi sita, na ukitaka kumwongezea dagaa, ziwe kiganja kimoja, zimechambuliwa mchanga, hazina chumvi, na upunguze kidogo chakula cha mlo huo.