Maswali ya wasomaji: Niuze Corolla ya zamani?

SWALI: Corolla yangu ya 1998 inakwenda kilomita 9 tu kwa lita. Fundi ananishauri niiuze nichukue gari la kisasa, lakini bodi za siku hizi naziona laini mno. Nifanyeje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Pima kwanza, ndugu msomaji. Jaza tangi hadi pampu ikate, tembea kilomita 300, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Ikiwa ni 9 kweli, fungua plagi. Zikiwa na masizi meusi makavu, injini inapewa petroli kupita kiasi. Angalia themostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini: ikikwama wazi, injini haipati joto la kutosha, na kompyuta huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Mafundi wengi huing'oa themostati wakidhani wanazuia injini kuchemka. Irudishwe! Halafu kichujio cha hewa, sensa ya oksijeni (inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ijue kiasi cha mafuta), na breki zinazobana hata ukiziachia.

Bodi isikudanganye kwa unene wa bati. Gari jipya hukunjika mbele kwa makusudi ili limeze nguvu ya mgongano. Chuma kigumu zaidi huwekwa kuzunguka abiria.

Ukiagiza, Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Likiwa na giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za kawaida), tia oili iliyotajwa kwenye kitabu chake tu. Ya otomatiki ya kawaida huufanya mkanda uteleze na kukwaruza puli.