Ukoo umeamua nitoe figo, mimi sijaulizwa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Newala, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Kaka yangu figo zake zote mbili zimefeli. Amepanga chumba Mbagala, Dar es Salaam, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulipima makundi ya damu ndugu wanne, langu ndilo likaoana na lake. Wajomba wakakaa kikao, wakasema nitatoa mimi, na nitapewa shamba la mikorosho la marehemu bibi. Kaka ndiye aliyenisomesha hadi kidato cha nne, na ndiye mjomba wa mwanangu. Mume wangu anasema mwili ni amana ya Mungu, si wangu kugawa. Kaka nampenda, ila naogopa na usiku silali. Nikikataa nitaitwa muuaji. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu. Pole, na umpe pole kaka yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta sauti mbili ambazo sikuziona. Wajomba wamesema, mume amesema. Wewe hujaulizwa, na kaka yako mwenyewe hujaniambia amesema nini.

Ngoja nikwambie habari ya ndugu wawili. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Marekani, daktari Joseph Murray alifanya upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Mgonjwa aliitwa Richard Herrick, mtoaji alikuwa Ronald, pacha wake wa kufanana. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard akiwa mgonjwa hoi, alimwandikia pacha wake kikaratasi akimwambia atoke pale, arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba amefika na haondoki. Richard akaongezewa miaka minane. Ronald aliishi na figo moja miaka 56, akafariki 2010. Kile kikaratasi ndicho kinachonigusa kila nikiikumbuka habari hii. Mgonjwa mwenyewe alimfungulia mwenzake mlango wa kutokea, na ndiyo maana jibu la Ronald lilikuwa na uzito.

Wewe hapo Newala nani amekufungulia huo mlango?

Wajomba zako siwalaumu, maana najua uzito wa mjomba kwetu. Mjomba huozesha, mjomba husimamia jando na unyago, mjomba huamua nani alime wapi. Lakini figo iliyo mwilini mwako haimo katika mali ya ukoo. Na hilo shamba la mikorosho limenikera, nisikufiche. Kama ni la bibi mzaa mama yenu na wewe ni mjukuu wake wa kike, basi haki yako humo ipo ukiwa na figo mbili au moja. Wasikulipe kwa kilicho chako. Kiungo hakiuzwi: Azimio la Istanbul la mwaka 2008, ambalo madaktari wa upandikizaji duniani wanalifuata, linakataza biashara hiyo. Kinachoruhusiwa ni kukurudishia gharama zako, kama nauli, malazi, na siku ulizokosa kazi. Kwa hiyo kama ukoo unataka kusaidia, waseme nani atakaa na mtoto na nani atakuokotea korosho msimu ukikukuta hujapona.

Mume wako naye asikilizwe, maana hofu yake ni ya mapenzi. Amana ni neno zito. Mwambie kwamba Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilikaa Makka mwaka 1985 likaruhusu mtu kutoa kwa hiari yake, bila kulazimishwa, kiungo cha kumwokoa mwenzake, mradi yeye mwenyewe asipate madhara ya kuvuruga maisha yake, na baraza la nchi za Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1988 likakataza kukiuza. Kama wewe na yeye ni Waislamu, nendeni pamoja kwa sheikh mnayemwamini.

Sasa hofu yako ya kufa. Kundi la damu kuoana ni hodi tu. Bado kuna vipimo vya tishu, presha, sukari, virusi, na picha za figo zenyewe, na wengi hukwamia hapo. Kwa hesabu za Marekani za miaka ya karibuni, katika watoaji 10,000 anayefariki kwa ajili ya upasuaji ni kama mmoja. Figo inayobaki hutanuka ikafanya kazi kubwa zaidi kuliko mwanzo. Lakini wewe una mtoto mmoja, na hukuniambia kama unataka wengine. Utafiti wa Canada uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanawake waliotoa figo walipata presha ya mimba au dalili za kifafa cha mimba kwa asilimia 11, na wenzao wenye figo mbili asilimia 5. Wengi walijifungua salama, ila wewe na mumeo mlijue hilo kabla. Nina wasiwasi kwenye kikao cha wajomba halikutajwa.

Nami sitaki umsahau kaka. Shemeji yangu alisafishwa damu miaka miwili. Alinishikisha mkono wake pale mshipa ulipounganishwa, ukawa unatetema chini ya vidole vyangu kama nyuki aliyefungiwa chupani. Muda wa saa nne mfululizo kitandani, kesho yake mwili umechoka, keshokutwa tena. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. Najua kaka yako anaishi vipi huko Mbagala, na ukiamua kumpa utakuwa umempa kitu kikubwa mno.

Upandikizaji unafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili tangu Novemba 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Ukifika kwa madaktari, omba kuzungumza nao peke yako, bila mjomba wala mume mlangoni. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Mtoaji anaruhusiwa kughairi hata siku ya upasuaji, na daktari anaweza kuwaambia ndugu zako kwamba hufai kutoa, basi, bila kutaja sababu. Siri yako inabaki kwake. Hutaitwa muuaji.

Ila kabla ya madaktari, panda basi uende Mbagala. Usiende na ujumbe wa mtu. Chagua siku ambayo hasafishwi, mpikie, kaeni wawili. Mwambie unaogopa. Kisha muulize yeye anataka nini, na umwache amalize kusema.

Ukirudi, niandikie.