Vipande viwili vya nguru

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza, kwa kuwa umefika miaka 44 na mwili umeanza kugoma, uache kazi ya ofisini upate afya na utulivu, au uvumilie mpaka wajukuu zangu wamalize shule. Nitafika huko. Kwanza nijibu mimi: mkeo anajua kwamba hulali?

Nami nilikuwa na miaka 44 mwaka 1996. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Mkonge uliotoka nchini tani zaidi ya 200,000 mwaka 1964 ulikuwa umeshaporomoka, kamba za nailoni zimeshika soko, na pale kiwandani tukagawiwa barua za kupunguzwa. Yangu niliikunja nikaificha kwenye soksi. Wiki tatu nzima nilitoka Ngamiani alfajiri na baiskeli, sare mwilini, kibakuli cha mama yako kimefungwa kwenye keria, nikaenda kukaa Raskazone chini ya mwarobaini kutazama ngalawa mpaka saa tisa. Kichwa kikigonga. Nilipopimwa presha, 180 kwa 110. Daktari akasema punguza chumvi. Chumvi! Hakuniuliza nashinda wapi.

Siku moja nafungua kibakuli, nakuta vipande viwili vya nguru badala ya kimoja. Jioni nikamuuliza mama yako. Alikuwa anapuliza mkaa, hakugeuka. "Nimeona njia ya Raskazone ni ndefu kuliko ya kiwandani."

Alijua tangu siku ya tatu. Aliambiwa bombani na mke wa mwenzangu. Nililia, mwanangu, mimi ambaye sikulia hata kwenye maziko ya babu yako. Usiku ule nililala mpaka adhana ikanikuta kitandani. Lakini kazi iliyopotea hainiumi tena. Zinaniuma zile siku alizokaa na siri yangu peke yake, akinipikia.

Sisemi chumvi haina neno. Niliipunguza, nikawa natembea kila jioni, na presha ikashuka. Wala sisemi pesa si kitu. Ada yako ilitoka kwenye maandazi ya mama yako, na njaa nayo hainyamazi kwa maneno matamu. Hata hivyo narudia nililokuambia siku ya harusi yako: mtu mzima huugua anapokosa wa kumwambia. Labda nakosea. Yule rafiki yangu wa bao alikuwa hana siri na mtu, na tulimzika na miaka 50. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado siwezi kuliacha neno langu.

Kuhusu kazi, jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na kulizuia kunanitaabisha. Sitalisema kabla hujaongea na mkeo. Mkishaongea nipigieni wote wawili, simu iwe kwenye spika, mama yako naye asikie. Na wiki hii kapime presha. Kwetu ni ya ukoo, unajua.

Baba yako