Maswali ya Wasomaji: Sevisi Chaji ya Nyumba za Safu Inalipia Nini?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu nyumba zilizoungana kwa kuta na kuzungukwa na uzio mmoja, aina ya makazi inayozidi kuonekana Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Tumechagua tano.

Ndugu Mshauri, mimi ni mtumishi wa umma niliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tunapanga nyumba eneo la Kisasa, na sasa tumepata nyumba ya kununua upande wa Iyumbu, katika safu ya nyumba zilizoungana. Uzio mzima una nyumba 24. Bei tumekubaliana, lakini muuzaji anasema kila mwezi tutalipa shilingi 75,000 za sevisi chaji. Mume wangu anaona hiyo ni kodi ya pango iliyobadilishwa jina, kwa kuwa haiingii akilini mtu anunue nyumba kisha aendelee kuilipia. Fedha hizo zinalipia nini hasa? — Mnunuzi mtarajiwa, Kisasa

Dada yangu, hoja ya shemeji ingekuwa na nguvu kama mngenunua nyumba iliyosimama peke yake kwenye kiwanja chenu. Katika nyumba za safu mnanunua vitu viwili kwa pamoja: nyumba yenyewe, na fungu lenu katika mambo ambayo hayagawanyiki, yaani geti, njia ya ndani, mitaro ya maji ya mvua, tangi kuu na pampu yake, shimo la maji taka, taa za nje na uzio. Mwenye nyumba iliyojitenga naye hugharimia hayo yote; tofauti ni kwamba leo humlipa fundi na kesho mlinzi bila kuandika popote, kwa hiyo hajui jumla yake.

Tanzania Bara ina sheria mahsusi ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyotungwa mwaka 2008 na kuwekwa katika Sura ya 416. Chini ya sheria hiyo kila mwenye sehemu hupata hati yake, na wamiliki wote kwa pamoja huunda umoja wenye jukumu la kusimamia maeneo ya pamoja na kukusanya michango ya kuyaendesha. Kwa hiyo mkinunua nyumba yenye hati ya namna hiyo, uanachama wenu katika umoja huo si jambo la hiari kama kujiunga na kikundi cha kufa na kuzikana.

Tuchukue mfano wa hesabu, nikisisitiza kwamba viwango ni vyangu na kila uzio una vyake. Nyumba 24 zikilipa 75,000, umoja hupata shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Walinzi watatu wakilipwa 250,000 kila mmoja, hiyo ni 750,000. Mfagiaji ambaye pia hutunza miti alipwe 200,000. Umeme wa pampu na taa za nje 180,000. Uzoaji wa taka 120,000. Gari la kunyonya maji taka, gharama yake ikigawanywa kwa miezi, 100,000. Benki, karatasi na ukaguzi wa hesabu 50,000. Jumla ni 1,400,000. Kinachobaki ni 400,000, ambazo ndani yake mtatoa bima ya majengo na kuweka akiba ya matengenezo makubwa.

Hizo 400,000 ndizo ningewaomba mzitazame kuliko tarakimu nyingine yoyote. Wakazi wakikutana na kupiga kura ya kushusha ada hadi 60,000, makusanyo yatakuwa 1,440,000: walinzi watalipwa, taa zitawaka, taka zitazolewa, na kwa miaka kadhaa hakuna atakayeona tofauti, kwa sababu kilichofutwa ni akiba na bima peke yake. Kisha pampu itaungua Oktoba, maji yakiwa ya mgawo, au ukuta wa uzio utaanguka kwa mafuriko ya Januari, na kila nyumba itadaiwa laki kadhaa ndani ya wiki moja. Ada ndogo huwavutia wanunuzi, na wauzaji wanalijua hilo. Mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na uzio unaotoza 30,000 na kuahidi kila kitu kuliko huo wenu wa 75,000.

Kuna mambo ya Dodoma yanayostahili kuulizwa kabla ya kutia saini. La kwanza ni maji. Mji huu hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, nazo kwa wastani hazifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Kwa muda mrefu mamlaka ya maji ya hapa, DUWASA, imetegemea zaidi visima vya Mzakwe kuuhudumia. Ulizeni tangi la pamoja lina ujazo gani, linaweza kuwahudumia watu wote kwa siku ngapi bomba likikauka, na kama maboza yakiitwa gharama inaingia kwenye ada au inatozwa pembeni. Ulizeni pia kama kila nyumba ina mita yake ya maji, kwa sababu mita moja kwa nyumba 24 ni chanzo cha ugomvi usiokwisha. Na mkiona michoro ya mauzo imejaa nyasi za kijani kibichi, jueni kwamba nyasi hizo zitanyweshwa kwa fedha zenu mwezi wa nane, vumbi likipaa. Mwarobaini na bogenvilia zinatosha kabisa.

Sevisi chaji hailipii umeme wa ndani ya nyumba yenu, wala kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hailipii rangi ya ndani, mabomba ya bafuni kwenu, wala samani zenu zikiungua: bima ya pamoja, kama ipo, kwa kawaida hulinda jengo na si vilivyomo.

Linabaki swali gumu, ambalo majibu yake hutofautiana kutoka uzio mmoja hadi mwingine: paa na kuta za nje ni za nani? Mahali pengine kila mwenye nyumba anamiliki kipande chake cha ardhi pamoja na kila kilichojengwa juu yake, mapaa yakiwemo, na umoja hushughulikia njia na geti tu. Mahali pengine mtu anamiliki nafasi ya ndani, na paa zima ni la wote. Ada ya 75,000 inayojumuisha paa ni nafuu. Isiyojumuisha paa inahitaji maelezo. Jibu halimo kinywani mwa dalali. Limo katika hati, ramani ya mgawanyo na kanuni za umoja, hivyo ombeni nakala za vyote hivyo pamoja na hesabu za mwaka uliopita na mihtasari ya mikutano. Muuzaji akisema umoja bado haujaundwa na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekusanya fedha, mwombeni aandike ni lini atakabidhi usimamizi, akaunti na salio kwa wamiliki.

Mshauri, shikamoo. Mimi ni mstaafu mwenye nyumba Nzuguni katika safu ya nyumba kumi. Msimu wa kilimo huwa nakwenda Kondoa, na nyumba hufungwa miezi minne au mitano. Situmii maji, sitoi taka, lakini katibu wetu anadai ada kamili. Je, ni haki? — Mstaafu, Nzuguni

Marahaba, ingawa kwa umri wako huenda salamu ilipaswa kuanzia kwangu. Mzee wangu, katibu yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Mlinzi hukesha getini uwepo usiwepo, na kwa kweli nyumba iliyofungwa humhitaji zaidi kuliko yenye watu. Bima, akiba na taa za nje navyo havipungui kwa sababu mmoja amesafiri. Gharama za namna hii hugawanywa kwa kufuata umiliki, si matumizi.

Hata hivyo unayo hoja kuhusu maji na taka. Kama umoja wenu unaingiza maji ya kila nyumba ndani ya ada moja, wewe unamlipia jirani anayeosha magari mawili kila Jumamosi. Peleka pendekezo kwenye mkutano mkuu kwamba maji yapimwe kwa mita na yalipwe kando. Pendekezo hilo litawasaidia wengi zaidi ya wasafiri, nalo lina nafasi nzuri zaidi ya kupita kuliko ombi la kupunguziwa wewe peke yako. Usifanye kosa la kukata ada kwa uamuzi wako ukiwa Kondoa. Deni litakusubiri na litakudhoofishia hoja.

Naomba kujua kama ninaruhusiwa kujenga kichanja cha mizabibu mbele ya nyumba yangu ya safu. Mwenyekiti amekataa. — Mpenda zabibu, Ilazo

Yategemea eneo la mbele ni la nani kwa mujibu wa ramani. Kama ni la pamoja, huwezi bila kibali. Kama ni lako, soma kanuni za umoja, kwa sababu nyingi huzuia kubadili mwonekano wa nje. Wasilisha mchoro wenye vipimo, eleza kwamba nguzo hazitagusa ukuta wa pamoja na kwamba maji ya umwagiliaji yatatoka kwenye mita yako. Ningeshangaa mkutano wa Wanadodoma ukikataa zabibu.

Binti yangu anaishi Minnesota, Marekani, na miaka mitatu iliyopita alinunua nyumba ya safu. Hulipa ada ya umoja wa wenye nyumba kila mwezi bila kukosa. Sasa ameandikiwa kwamba mvua ya mawe imeharibu mapaa na kila mwenye nyumba atoe maelfu ya dola zaidi. Ametuomba tumsaidie. Je, si utapeli? Ada yake ya siku zote ilikuwa ya nini? — Mama mwenye wasiwasi, Area D

Pole, mama. Huenda si utapeli, ingawa bintiyo ana haki ya kudai maelezo. Huko ada ya kila mwezi katika nyumba za safu mara nyingi hugharimia utunzaji wa paa na kuta za nje, ukataji wa nyasi, uondoaji wa theluji njiani, taka, na bima kuu ya majengo. Mkopo wa nyumba, kodi ya mali na bima ya vitu vya ndani hubaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Tatizo lake kwa kawaida huanzia kwenye bima hiyo kuu. Katika majimbo yanayopigwa sana na mvua ya mawe, kampuni za bima hupenda kuandika kwamba sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo kwa paa huweza kupimwa kwa asilimia ya thamani ya jengo zima, itabebwa na umoja wenyewe. Umoja usipokuwa na akiba ya kutosha, hugawa deni hilo kwa wanachama kama mchango maalumu. Bintiyo asome mkataba wa bima yake binafsi: mingi ina kipengele kinachofidia mchango wa aina hii, na wengi hawajui kuwa wanacho. Pia aombe barua ya kampuni ya bima, zabuni za mafundi, na ripoti ya karibuni ya tathmini ya akiba. California, kwa mfano, inazitaka nyumba za umoja zikaguliwe kwa ajili ya tathmini hiyo angalau mara moja kila miaka mitatu.

Wamarekani wenyewe walilipatia suala la akiba uzito mpya baada ya tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South lilipoanguka huko Surfside, Florida, na kuua watu 98. Lilikuwa jengo la maghorofa, si nyumba za safu, na sisemi kwamba michango ndiyo iliyoliangusha. Lakini tangu mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika kuhusu uharibifu mkubwa wa zege, na wamiliki walikuwa wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu mchango maalumu uliofikia takriban dola milioni 15. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kulazimisha tathmini ya akiba kwa majengo ya umiliki wa pamoja yenye ghorofa tatu na kuendelea.

Asikae kimya. Umoja wa wenye nyumba katika majimbo mengi unaweza kuweka dai kwenye hati ya mdaiwa, na deni likikua, hata kuiuza nyumba. Aandike barua mapema kuomba kulipa kwa awamu. Maombi hayo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ninyi msitume fedha kabla hajapata nyaraka nilizozitaja.

Mpangaji wangu amegoma kulipa sevisi chaji akisema si jukumu lake. Umoja unanidai mimi. Nifanyeje? — Mwenye nyumba, Njedengwa

Lipa. Mbele ya umoja mdaiwa ni mmiliki, haijalishi nani analala ndani. Kama mkataba wa upangaji uliandika kwamba mpangaji ndiye atakayelipa, mdai kwa mkataba huo ukiwa na risiti ya umoja mkononi. Kama haukuandika, subiri siku ya kuuhuisha, kisha uamue ama kuiingiza ada kwenye kodi au kuitaja peke yake pamoja na tarehe ya kulipwa. Ningekushauri uiingize kwenye kodi na uilipe mwenyewe, kwani ndivyo utakavyopata pia taarifa za mikutano ambazo mpangaji hana sababu ya kukuletea.